Akiba Haiozi



Huenda ukastaajabu kuona mwalimu wa madrasa, mtu aliyekwisha kuvuka miaka hamsini na ambaye elimu yake ni ya Kurani na shule ya msingi tu, anashika kalamu kuandika habari za mpira wa miguu. Mimi si mjuzi wa mchezo huo, wala sikukusudia kuwafundisha vijana namna ya kuucheza. Lakini swali lililonifanya niandike lililetwa barazani kwangu na kijana wa damu yangu, na nilipolichungua nikaona kwamba lamhusu kila mtu aliyewekwa wa pili akaambiwa angoje.

Kwetu ni Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Hii ni nchi iliyozoea kungoja. Njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, ilipita katika nchi hii, na wasafiri walikaa hapa wakingoja wapagazi, wakingoja mvua zipite, wakingoja njia itulie. Hapo Kwihara, si mbali na sisi, Livingstone alikaa tangu Machi hata Agosti ya mwaka 1872 akingoja wapagazi waje kutoka pwani. Basi nilidhani kwamba mtoto wa Itetemia hahitaji kufundishwa kungoja. Nilikosea.

Ilikuwa mwaka 2023, siku chache baada ya Idi ya Ramadhani. Tulikuwa tumetoka kusali magharibi, nami nimeketi barazani. Akaja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyesoma kwangu tangu alifu mpaka akahitimu Kurani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Hakukaa. Alisimama akiigusagusa nguzo ya baraza, kisha akasema, "Mjomba, nina swali la dini. Mtu akimwombea mwenziwe aumie kidole, kidole tu, si mguu, tena apone baada ya wiki mbili, je, dua hiyo ina dhambi?"

Nilitaka kucheka, kwani sikupata kusikia dua iliyopimwa kwa wiki. Lakini nilipomtazama nikaona kwamba macho yake hayana mzaha. Nikafahamu mara moja ni kidole cha nani.

Mpwa wangu ni golikipa wa akiba katika timu moja ya mji wetu. Sitaitaja timu, kwani haina kosa. Kwa wale wasioutazama mpira, yafaa nieleze maana ya cheo hicho, kama ni cheo. Timu ina watu kumi na mmoja uwanjani. Mshambuliaji wa akiba hana sababu kubwa ya kukata tamaa, kwani karibu katika kila mchezo kocha huingiza watu watatu, wanne, hata watano, na kila mmoja hupata dakika zake. Lakini golikipa ni mmoja tu, na akiwa mzima hatolewi. Yule wa pili hufanya mazoezi yale yale, hujitupa katika vumbi lile lile, huamka alfajiri ile ile. Siku ya mchezo ikifika, kazi yake ni kumpigia mwenziwe mipira kabla ya kuanza, ili mikono yake ipate joto. Filimbi ikilia, yeye huokota mipira, hurudi akaketi. Aweza kuketi hivyo msimu mzima. Huko Uingereza, Scott Carson alikaa na timu ya Manchester City tangu 2019 hata 2025, na katika miaka hiyo sita alicheza michezo miwili tu.

Ukiangalia vema utaona jambo la ajabu katika kazi hii. Mtu anayemnoa golikipa wa kwanza kila siku ni yule yule anayepataka mahali pake. Hakuna mtu duniani anayeyajua makosa ya golikipa wa kwanza kuliko yeye.

Wala usidhani kwamba watu wa akiba wamekuwako siku zote. Zamani aliyeumia uwanjani alitoka, na timu ikabaki na pengo, ama alivumilia. Mwaka 1956, katika fainali ya Kombe la FA huko London, golikipa Bert Trautmann wa Manchester City, Mjerumani aliyefika Uingereza akiwa mateka wa vita, aligongwa shingoni zikiwa zimebaki dakika kama kumi na saba. Hapakuwa na mtu wa kumpokea. Akacheza hata mwisho, timu yake ikashinda mabao 3 kwa 1, na baada ya siku chache madaktari wakaona kwamba shingo yake ilikuwa imevunjika. Katika Kombe la Dunia ruhusa ya kubadilisha wachezaji ilikuja mwaka 1970. Basi mtu wa akiba aliwekwa kwa sababu ya huruma, ili mtu mmoja asilazimike kubeba mzigo mpaka shingo ivunjike.

Mpwa wangu, ambaye simu yake hailali, alinieleza pia habari za mchezo wa Wamarekani uitwao besiboli. Humo yuko mtu aitwaye mdakaji. Yeye huchutama nyuma ya mpigaji, na mwenziwe humrushia mpira mdogo mgumu ambao mwendo wake waweza kupita kilomita 140 kwa saa. Kuchutama na kuinuka kutwa nzima, katika msimu wa michezo 162, huyachosha magoti, kwa hiyo kila timu huweka mdakaji wa pili wa kumpumzisha wa kwanza. Mchezo huo umefika hata kwa majirani zetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Pennsylvania. Naye Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda aliyejifunza kwa vifaa vya kujitengenezea, matairi na chupa, alinyimwa viza mara kadhaa kabla ya kufika Marekani mwaka 2023, akajiunga na timu ya Frederick Keys katika jimbo la Maryland.

"Unaona, mjomba," alisema mpwa wangu, "wenzetu wale mdakaji wa pili ana siku zake, kwa sababu magoti ya wa kwanza huchoka. Magoti ya huyu wetu hayachoki. Nitamngojea nini?"

Ndipo akaleta hoja yake kubwa. Nayo ilikuwa ni hoja ya Simba na Yanga, ambayo katika nchi yetu yajulikana hata na wazee wasiojua kusoma.

Mwezi wa Aprili wa mwaka huo, Aishi Manula, golikipa wa kwanza wa Simba na wa timu ya Taifa, aliumia. Zamu ikamwangukia Ally Salim, kijana ambaye watu wengi walikuwa hawajamwona akicheza mchezo mkubwa. Tarehe 16 Aprili, katika kumi la mwisho la Ramadhani, akawekwa langoni mbele ya Yanga. Mimi mwenyewe nilisikiliza katika redio, nikiwa na wanafunzi wangu wawili waliojidai kwamba wanadurusu. Simba ikashinda 2 kwa 0. Tarehe 22 akasimama tena, mara hii mbele ya Wydad ya Morocco, mabingwa wa Afrika wa wakati ule, na Simba ikashinda 1 kwa 0. Tarehe 28, huko Casablanca, Simba ilifungwa 1 kwa 0, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti, 4 kwa 3. Lakini hakuna aliyesema kwamba kijana yule ndiye aliyeiangusha timu.

"Sasa mjomba," akasema mpwa wangu, "Manula asingeumia, nani angemjua Ally Salim? Kuumia kwa mmoja kumekuwa riziki ya mwingine. Mimi naomba kidole tu."

Nikamjibu kama mwalimu anavyojibu. Nikamwambia kwamba wanavyuoni wamepambanua baina ya mambo mawili. Kutamani upate mfano wa neema aliyonayo mwenzako, hali yeye akibaki nayo, huko huitwa ghibta, na hakuna lawama ndani yake. Kutamani neema imwondokee, hata kama ni kwa wiki mbili, hiyo ndiyo husuda. Nikasema kwamba Mola anayeweza kumpa yeye lango hana haja ya kidole cha mtu.

Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maneno yako ni kweli, mjomba. Lakini wewe hujui kukaa benchi."

Ndugu msomaji, neno hilo liliniziba kinywa. Kwani katika wote wa Itetemia, huenda mimi ndiye nijuaye zaidi kukaa benchi, nami sikupata kumwambia mtu. Usiku ule nilimweleza, na leo nakueleza wewe.

Nilipokuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, nilikuwa mwalimu wa pili wa madrasa, na katika msikiti wetu nilikuwa nikisimama nyuma ya imamu, upande wa kulia kidogo. Imamu wetu, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu, Mungu amrehemu, alikuwa amehifadhi Kurani yote, na kila Ramadhani alitusalisha tarawehe juzuu moja kila usiku. Mimi nami nilikuwa nimehifadhi. Mwaka wa kwanza nilidurusu kila juzuu kabla ya usiku wake, nikisema labda nitaitwa. Mwaka wa pili pia. Mwaka wa tatu nikadurusu nusu. Hata ulipofika mwaka wa sita nilikuwa nakwenda msikitini kama mtu aendaye kusikiliza, nikajisemea, "Huyu hakosi hata usiku mmoja, najichosha kwa nini?"

Katika mwaka wa tisa, mwezi kumi na mbili wa Ramadhani, imamu alishikwa na homa kali. Baada ya futari mtoto akaja mbio nyumbani kwangu. "Maalimu, sheikh hawezi kuinuka. Unaambiwa usalishe wewe."

Sasa nitasema jambo ambalo sikupenda kulisema kwa miaka mingi. Kitu cha kwanza kuingia moyoni mwangu hakikuwa huruma kwa mgonjwa, wala hofu ya Mungu. Kilikuwa furaha. Ilikuwa ndogo kama cheche, tena ilizimika upesi, lakini niliiona, na Mwenye kuumba nyoyo aliiona kabla yangu.

Usiku ule ilikuwa zamu ya juzuu ya kumi na mbili, ambayo yaanza katika Sura ya Hud na kuingia katika Sura ya Yusuf. Hud nilipita kwa shida. Nilipofika katika Yusuf, katika habari za ndugu waliomhusudu ndugu yao wakamtumbukiza kisimani, ulimi ukasimama. Nikarudi nyuma aya mbili nikaja tena, ukasimama pale pale. Msikiti ulikuwa umejaa hata barazani, na kimya chake nakisikia mpaka leo. Ndipo sauti nyembamba ikanifungulia aya kutoka safu ya nyuma. Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wangu mwenyewe, ambaye aya ile nilimfundisha mimi. Nikaendelea, nikakwama tena, akanifungulia tena. Mwishowe nikafupisha.

Hakuna aliyenicheka. Wazee walinipa mkono kama kawaida. Lakini nilikwenda nyumbani kwa njia ya nyuma. Baada ya siku tatu imamu alipona, nami nikajitayarisha kwa lawama. Aliniuliza neno moja tu: "Uliishia wapi, ili tuendelee?" Sikuweza kumtazama. Yeye alikuwa ameniamini kuwa nyuma yake pana mtu, kumbe kwa miaka sita nyuma yake palikuwa na kanzu tupu.

Nikamwambia mpwa wangu, "Kwa hiyo benchi nalijua. Na ujue kwamba wewe na mimi tulishikwa na ugonjwa mmoja. Mimi nilikata tamaa kuitwa nikaacha kujitayarisha, na siku nilipoitwa nikafurahi kwa homa ya mwenzangu. Mambo hayo mawili hutoka mlango mmoja."

Tukakaa kimya kidogo. Kisha nikamkumbusha habari aliyoisoma madrasani, ya asubuhi ile ya mwaka wa 23 wa Hijria, sawa na mwaka 644, Sayyidna Umar alipochomwa kisu hali akisalisha alfajiri. Damu ilikuwa ikimtoka, na sala imekwisha kuanza. Akaushika mkono wa Abdurrahman bin Auf, akamtanguliza, naye akawamalizia watu sala fupi. Fikiri, ndugu msomaji. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Wale waliokuwa mwisho wa msikiti hawakujua lililotokea, ila waliikosa tu sauti waliyoizoea. Kama Abdurrahman asingekuwa amesimama pale mwili na moyo, sala ya watu wote ingevurugika. Ndiyo maana tumefundishwa kwamba wenye akili na elimu wasimame karibu nyuma ya imamu. Mahali pale nyuma ya imamu pana kazi yake, na anayesimama pale yumo kazini tangu takbiri ya kwanza, ijapokuwa hakuna amwonaye.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Nami sina ubishi na wahenga. Lakini sisi Wanyamwezi tunaolima karanga na mahindi twajua kwamba akiba haiozi kwa yule anayeitazama. Mahindi yakitiwa ghalani yakaachwa, siku ya njaa utafungua mlango ukute unga wa fukusi. Lazima yatolewe, yaanikwe, yapepetwe, yarudishwe, na kazi hiyo hufanywa katika miezi ambayo hakuna mwenye njaa.

Mpwa wangu aliinama. Nilidhani amechoka na maneno yangu. Kumbe alikuwa akijipa moyo. "Mjomba," akasema, "kuna jambo jingine. Huyu golikipa wetu, penalti ikipigwa, huegemea kulia kabla mguu wa mpigaji haujagusa mpira. Nimeliona tangu mwaka jana. Kocha hajaliona. Mimi nimenyamaza."

"Umenyamaza kwa nini?"

"Ili siku moja wamfunge, kocha achoke naye."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kidole kilikuwa jambo dogo. Nikamwambia, "Dua yako ya kidole iache, na hili kamwambie kesho."

"Nikimwambia atazidi kuwa imara. Nitakaa benchi mwaka mwingine."

"Huenda," nikamjibu. Sikuwa na jibu jingine, wala sikutaka kumdanganya kwamba akifanya wema leo atalipwa lango kesho. Akaaga akaenda zake, na sikujua atafanya nini.

Miezi mitatu ilipita. Mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule yakatokea mambo mawili ambayo yalinifanya nimkumbuke. La kwanza lilikuwa Tanga, katika uwanja wa Mkwakwani, tarehe 13, Simba na Yanga zilipokutana katika Ngao ya Jamii. Mchezo ukaisha bila bao, wakaingia katika mikwaju ya penalti, na Ally Salim akazuia mikwaju mitatu. Simba ikashinda 3 kwa 1. La pili lilitugusa sisi wa Tabora. Siku chache baadaye timu yetu ya Kitayosce, ambayo baadaye iliitwa Tabora United, iliingia katika mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu, na Azam, huko Chamazi. Kwa sababu ya mambo ya usajili ilikuwa na wachezaji wanane tu, wala hapakuwa na mtu hata mmoja wa akiba. Azam ilikwisha kutia mabao 4 kabla ya nusu saa. Wawili wa kwetu wakaumia, wakabaki sita, na kwa kuwa sheria haikubali timu kuwa na watu chini ya saba, mwamuzi akamaliza mchezo. Vijana wetu wa Tabora walisikitika sana wiki ile. Mimi nilisikitika nao, lakini nikasema moyoni: leo kila mtu ameona thamani ya wale wanaokaa kwenye benchi, kwa sababu benchi lilikuwa tupu.

Lakini nisingependa kijana anayesoma haya adhani kwamba kila aliyengoja hupewa mwisho mzuri kama wa hadithi. Mwezi ule ule wa ushindi wa Tanga, Simba ilimleta golikipa Ayoub Lakred kutoka Morocco, na mwaka 2024 ikamleta Moussa Camara kutoka Guinea. Kijana aliyezuia penalti tatu akarudi kungoja. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Tim Krul wa Uholanzi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2014, mchezo na Costa Rica ulipofika dakika ya mwisho ya nyongeza, kocha alimtoa golikipa wa kwanza akamwingiza Krul kwa ajili ya penalti tu. Akazuia mbili, Uholanzi ikavuka. Siku nne baadaye, mbele ya Argentina, aliketi akiwatazama wenziwe wakitolewa kwa penalti zile zile. Mtu wa akiba akiitwa, huitwa kwa kazi ya saa ile, na kazi ikiisha hurudi mahali pake. Mimi pia, imamu wetu alipofariki, aliletwa kijana aliyesoma kuliko mimi, na mimi nikabaki nyuma yake, upande wa kulia kidogo. Sisemi kwamba siku ile haikuniuma. Nasema kwamba tangu usiku wa Sura ya Yusuf, kila Ramadhani ninadurusu juzuu ya usiku kabla ya usiku wake, na imamu wetu kijana ajua hivyo, kwani alasiri huja kunisomea nami humsomea.

Nina neno moja kwa wazazi. Dada yangu, mama wa kijana huyu, alikuwa na desturi ya kumwuliza kila arudipo uwanjani, "Umecheza leo?" Aliuliza kwa mapenzi, huku akimwekea chakula. Lakini kijana alinieleza kwamba swali lile lilimfanya azunguke mitaani mpaka mama alale. Mtoto aliyewekwa wa pili, awe uwanjani, au darasani, au dukani kwa watu, hukumbushwa upili wake mahali pote. Nyumbani asikumbushwe. Aulizwe amefanya nini, wala si kama ameonekana.

Nimalizie na habari za mpwa wangu. Katika mwezi wa Oktoba timu yake ilicheza na wageni kutoka Nzega, nami kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilikwenda uwanjani, nikasimama mbali chini ya mwembe na kofia yangu. Mabao yalikuwa 1 kwa 1, na zikibaki dakika chache wageni wakapewa penalti. Nilimtazama mpwa wangu katika benchi. Alikuwa amesimama, mikono amefumbata, midomo ikichezacheza. Sikujua anaomba nini.

Golikipa wa kwanza alisimama wima katikati ya lango. Hakuegemea upande wowote. Mpigaji akapiga kushoto, naye akaruka kushoto akaudaka. Watu wakapiga kelele, wachezaji wakamrukia. Yeye alipoinuka alinyosha kidole kuelekea benchi, kidole kizima, kisicho na jeraha lolote.

Jioni nilipita kwa dada yangu. Kijana alikuwa ameketi jikoni akila ugali, na safari hii hakuzunguka mitaani. Mama yake, ambaye nilikwisha kumwonya, alisahau akauliza kama zamani, "Umecheza leo, baba?"

Akanitazama, kisha akamjibu, "Sikucheza, mama. Lakini penalti ile tuliidaka."